Sentensi Aliyoimeza Bethwel

Bethwel Wanyama alikuwa na kazi mbili, moja ya kumlisha na moja ya kumpa heshima. Ya kumlisha ilikuwa katika ghala la mahindi mjini Eldoret. Wakulima walileta magunia yao baada ya mavuno, naye akatia mkono ndani, akachomoa punje mbili tatu, akaziuma. Punje ikilia chini ya jino, mahindi yamekauka. Isipolia, alimwambia mwenyewe arudi nyumbani akaanike, hata kama alikuja na trekta jipya na shemeji yake ni chifu. Mashine ya kupima unyevu ilikuwapo, lakini wakulima walisema mashine inahongeka na jino la Wanyama halihongeki. Alijua wanasema hivyo, na ilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukubali.

Kazi ya heshima ilikuwa ya Jumapili. Katika kanisa la mabati pale Langas, nusu ya watu walikuwa Wanandi, na wengi wao wazee wasiotaka kusikia Neno kwa lugha ya sokoni. Nusu nyingine walikuwa wafanyakazi waliotoka Magharibi na upande wa Ziwa. Mhubiri alihubiri Kinandi, naye Bethwel akasimama kushoto kwake akikitia katika Kiswahili. Yeye ni Mbukusu, lakini alizaliwa Chepsaita, kwenye shamba la mzungu ambako baba yake alikamua ng'ombe, na alicheza na watoto wa Kinandi mpaka akawa anaota kwa lugha yao. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mhubiri aliyemshinda.

Alikuwa na msemo wake. "Mkalimani ni bomba," alisema, "na bomba halionji maji." Mhubiri akikosea, kosa lilipita kama lilivyo. Mhubiri akilia, Bethwel alilia, ingawa machozi yake, kusema kweli, hayakuwa mengi.

Tena yeye ndiye aliyefundisha darasa la ubatizo, na somo lililompandisha mori kuliko yote lilikuwa la kufuru. Aliwauliza wanafunzi kufuru ni nini, nao wakajibu kama watu wanavyosema mitaani. Kumwaga ugali ni kufuru. Kulalamika mvua ikizidi ni kufuru. Mtu akijenga nyumba ya ghorofa peke yake kijijini, hiyo ni pesa ya kufuru. Bethwel aliwaacha wamalize, kisha akawafagilia mbali. Kufuru, aliwaambia, ni kumvika Mungu maneno ambayo hakusema, au kumvua aliyosema. Anayeongeza Neno anakufuru, anayepunguza anakufuru, na anayeshika Kitabu akaapa uongo amemfanya Mungu shahidi wa uongo wake, na huyo ndiye baba yao wote. Wanafunzi waliandika, naye akatembea kati ya viti akihakikisha wameandika sawasawa.

Basi mwaka ule wa themanini na saba neno kufuru lilikuwa limepata wenyewe wengine. Barazani chifu alikuwa akisema kwamba kupinga uongozi ni kufuru, na watu wakipiga makofi huku wakichunguzana nani amechelewa kupiga. Chama kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa na masikio mengi. Mwalimu mmoja alichukuliwa kwa sababu ya kikaratasi kilichopatikana katika koti lake, na mpaka leo hakuna ajuaye kama koti lilikuwa lake. Kuwaza tu kifo cha mkubwa wa nchi kulikuwa kosa la kitanzi. Watu waliacha kuuliza habari za watu. Ukiona jirani amenunua redio mpya, ulijiuliza kwanza amelipwa na nani.

Na kanisani alikuja mtu mgeni. Jina lake lilikuwa Isaiah, alisema amehamishiwa Eldoret kufanya kazi kiwandani, na alikaa safu ya tatu na sweta ya kijivu na Biblia mpya ambayo kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana. Bethwel alimtilia shaka tangu Jumapili ya kwanza. Viganja vyake vilikuwa laini mno kwa mtu wa mashine. Bibi mmoja mzee, Kogo Rael, alimsalimia kwa Kinandi, "Chamgei," naye akajibu, "Asante." Hapo Bethwel alijua mambo mawili. Mtu huyu hajui Kinandi hata chembe, na kila anachoandika katika kidaftari chake kinatoka katika mdomo wa Bethwel Wanyama.

Mchungaji wao alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, Pasta Kiptoo, mwenye sauti nzuri na shingo ngumu. Alikuwa mtu wa kweli, na watu wa kweli walikuwa hatari sana mwaka ule. Jumapili moja ya mwezi wa tisa alihubiri juu ya mfalme wa Maandiko aliyehutubia umati, umati ukampigia kelele kwamba sauti yake ni ya Mungu, naye akakaa kimya akaupokea utamu ule, akaliwa na funza. Bethwel alitafsiri akifurahi, maana ilikuwa habari nzuri ya kutafsiri. Kisha Pasta Kiptoo akaiacha habari ya zamani. Akasema kwa Kinandi kwamba hata hapa kwetu tunampa mwanadamu jina la utukufu, tunamwimbia, tunamwinulia mikono, na yeye anatabasamu. Akasema hiyo ndiyo kufuru yenyewe. Na huyo anayetabasamu, akasema, funza wanamngoja.

Akanyamaza kumngoja mkalimani. Wazee wa Kinandi walikuwa wameinamisha vichwa. Safu ya tatu, Isaiah alishika kalamu tayari.

Bethwel alifungua mdomo. Aliona kalamu ile, akamwona Jemutai, mke wa mchungaji, safu ya kwanza na tumbo la miezi saba. "Na sisi," akasema, "tujihadhari na kujisifu. Mwenye kujisifu anajitafutia aibu."

Pasta Kiptoo akageuka kumtazama. Kwa miaka minne walikuwa wamesimama pamoja na jambo hilo halijawahi kutokea. Akairudia sentensi yake yote, neno kwa neno, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Funza akawataja tena.

"Tena nasema," Bethwel akatafsiri, "tujihadhari na kujisifu."

Wale waliojua lugha zote mbili wakaangaliana. Isaiah aliandika kifupi, akafunga daftari. Pasta alimaliza mahubiri yake kwa haraka, na Bethwel akamfuata nyuma na jasho likimlowesha mgongo.

Baada ya ibada mchungaji alimwita katika chumba kidogo cha nyuma. Nicholas Kibet, katibu wa kanisa, alikuwamo akikunja majoho ya kwaya, na alikuwa akiyakunja polepole sana.

"Mzee, leo umenifanya nini?" Pasta Kiptoo aliuliza.

"Tuongee siku ingine, Pasta."

"Nilisema mara mbili. Mara mbili ukaniangusha. Na ni wewe umefundisha watu hapa, anayepunguza Neno anakufuru."

"Nilifundisha hivyo."

"Basi?"

Bethwel alitazama mgongo wa Nicholas. Joho lililokuwa mkononi mwa Nicholas lilikuwa limeshakunjwa, na sasa lilikuwa likikunjuliwa. "Basi nilisahau maneno," akasema. "Ni uzee."

"Uzee wa miaka hamsini na mbili," Pasta akasema, na hakucheka.

Jumanne yake Landrova ilikuja ghalani saa nne asubuhi. Watu wawili walishuka, wakamwita kwa jina, na wapagazi wote wakaacha magunia kuangalia. Walimpeleka mjini, kwenye ofisi isiyo na kibao, juu ya duka moja la vitambaa. Nyuma ya meza alikaa Isaiah, bila sweta, amevaa suti.

"Karibu, Mzee Wanyama. Kaa chini. Hapa hatuumi mtu."

Bethwel akakaa. Mikono akaiweka chini ya mapaja.

"Mimi Jumapili nilikuwa kanisani kwenu," Isaiah akasema. "Nimeandika ripoti yangu, nimepeleka kwa wakubwa. Nimeandika Pasta alisema watu wajihadhari na kujisifu. Ni wewe ulisema hivyo, sivyo?"

"Ni mimi."

"Sasa jana nimeletewa hii." Akainua karatasi, bila kumpa. "Mtu wa kwenu anaandika kwamba Pasta alisema mkubwa ataliwa na funza. Kwa Kinandi. Anasema wewe uliificha. Kama ni kweli, mchungaji wenu hatalala nyumbani leo, na wewe utamsindikiza. Na mimi ninaonekana mjinga, nilikaa safu ya tatu na sikusikia kitu. Unanielewa?"

Bethwel alielewa. Alielewa kwamba mtu huyu anataka barua iwe ya uongo, maana ripoti yake imekwisha kwenda. Alielewa pia kwamba mlango upo, umefunguliwa kidogo, na kwamba ili apite lazima auache mlangoni uaminifu wake wa miaka kumi na tisa.

Mwanga wa dirisha ulipita ndani ya karatasi ile, na upande wa nyuma Bethwel akaona nambari zimepangwa kwa kalamu ya buluu: 14, 62, 103. Zilikuwa nambari za nyimbo. Barua iliandikwa nyuma ya kikaratasi cha nyimbo za Jumapili, vile vinavyoachwa juu ya meza ya kanisa, na mwandishi alikuwa mmoja wao.

"Pasta hakusema maneno hayo," akasema.

Isaiah akavuta droo, akatoa Biblia, akaiweka juu ya meza. Hii ilikuwa ya zamani, imechakaa jalada kwa kushikwa na watu wenye hofu. "Shika. Uape."

Bethwel aliitazama kwa muda. Alimwona Pasta Kiptoo katika chumba kisicho na dirisha. Akaona pia watoto wote aliowafundisha, wameshika kalamu, wakiandika nani ni baba yao wote. Akaweka mkono juu yake. Akaapa mbele za Mungu kwamba mchungaji hakusema neno lolote ila lile alilolitafsiri yeye, akatia sahihi. Hakuna radi iliyopiga. Kilichomshangaza na kumtisha ni jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Basi barua hii ni ya mtu mwenye wivu," Isaiah akasema, akaitia katika faili, na uso wake ukalegea. Akaagiza soda. Bethwel hakuwa na hamu nayo, lakini kukataa soda ya watu kama hao kulikuwa kama kukiri, kwa hiyo akainywa yote. Landrova ikamrudisha ghalani kabla ya saa sita, akashuka akijipangusa mdomo. Wapagazi waliona. Mtu aliyechukuliwa na Landrova na kurudi saa hiyo hiyo, mzima, amenyweshwa kitu, wote walijua ni mtu wa namna gani.

Jioni alimsimulia mkewe Selpha, akinong'ona, redio ikiwa imewashwa juu. Selpha alikuwa akichambua mboga. Alichambua mpaka akafika mwisho wa hadithi, kisha akaacha.

"Baba Hellen, nenda umwambie Pasta."

"Sitamwambia."

"Anafikiri umemuuza. Watu wote wanafikiri. Leo pale bombani wanawake walinyamaza nikifika."

"Nikimwambia Kiptoo atafanya nini? Wewe unamjua. Atavaa koti aende kwa hiyo ofisi kwa miguu, awaambie, hapana, nilisema, na ninarudia. Huyo anataka kuteseka kwa ajili ya Bwana, na hajui kuteseka ni nini. Halafu wananirudia mimi na kiapo changu. Na Jemutai azae akiwa peke yake."

Selpha aliisukuma mboga kando. "Sasa umekufuru," akasema.

"Nimekufuru."

Hakumfariji, na Bethwel alimheshimu kwa hilo. Lakini shaka ni ugonjwa wa kuambukiza. Alipolala alihesabu walioweza kuchukua kikaratasi cha nyimbo. Nicholas Kibet ndiye aliyeviandika. Kwaya nzima ilivishika. Kogo Rael huvichukua nyumbani ingawa hajui kusoma. Na Selpha, Jumapili ile ile, alifungia chumvi katika kikaratasi kimoja. Alijiona akimfikiria mke wake wa miaka ishirini na nane, akaona haya, akageukia ukutani. Hata hivyo asubuhi alifunua kopo la chumvi akatazama kama kikaratasi kipo. Kilikuwapo.

Ilimla siku tatu. Siku ya Ijumaa alichukua baiskeli akaenda Yamumbi, alikokaa mchungaji, akamkuta akipalilia viazi nyuma ya nyumba. Hakwenda kusema siri. Alikwenda kuomba jibu, kama mgonjwa anayemwambia daktari kwamba anayeumwa ni rafiki yake.

"Pasta, nina swali ya darasa. Mtu akiapa uongo kwa Kitabu, lakini amefanya hivyo kuokoa mwingine. Hiyo bado ni kufuru?"

Pasta Kiptoo aliegemea jembe. "Wewe ndiye mwalimu wa darasa, Mzee."

"Ninauliza wewe."

"Ni kufuru. Mungu haombi msaada wa uongo. Anayeokolewa kwa kiapo cha uongo ni afadhali angeachwa." Alisema bila kusita, kwa sababu alikuwa bado hajawahi kuhitaji kuokolewa. Kisha macho yake yakabadilika. "Umeapa nini, Mzee Wanyama? Na kwa nani?"

"Nimeuliza tu."

"Watu wanasema ulishuka kwa Landrova ukijipangusa mdomo. Nilikataa kuamini. Mimi nimekula kwako."

Bethwel alikuwa na maneno yote mdomoni, kwa lugha tatu. Aliona kupitia mlango wa jikoni Jemutai akijaribu kuinama kuwasha moto, akishika kiuno. Hasira ilimpanda juu ya kijana huyu aliyekuwa mzima, mwenye viazi na mke na jua la Ijumaa mgongoni, asiyejua bei yake. "Kwaheri, Pasta," akasema, akapanda baiskeli.

Mchungaji alifanya alichoona ni haki. Jumamosi alasiri baraza la wazee wa kanisa lilikaa, watu sita kwenye mabenchi mawili, na Bethwel mbele yao kwenye kiti. Nicholas Kibet alisoma mashtaka. Kwanza, kwamba ndugu Wanyama alipunguza Neno madhabahuni, mara mbili. Pili, kwamba amemgusia mchungaji habari ya kiapo cha uongo. Tatu, kwamba anaonekana na watu wasioeleweka. Alisoma vizuri, kwa sauti ya huzuni. Nyuma ya karatasi yake Bethwel aliona nambari za nyimbo, lakini hiyo haikuthibitisha neno, maana kanisa lilikuwa maskini na kila kitu kiliandikwa nyuma ya karatasi hizo, mpaka orodha ya wagonjwa.

Alitazama nyuso sita. Mmoja wao ameandika barua, au mke wa mmoja wao, au hakuna hata mmoja. Neno lolote atakalosema hapa litafika juu ya duka la vitambaa kabla ya Jumatatu.

Kogo Rael alikuwa mzee wa kanisa pia, mwanamke peke yake katika baraza. Alisema kwa Kinandi, "Wanyama, mimi nimekujua kule Chepsaita ukiwa bado huna suruali. Walikupa nini?"

"Soda, Kogo," Bethwel akajibu, na hiyo ndiyo kweli pekee aliyoweza kumpa. Mtu mmoja akaguna.

"Ulipunguza maneno yangu?" Pasta Kiptoo aliuliza.

"Nilipunguza."

"Uliapa kwa Biblia?"

"Niliapa."

"Uliapa ukweli?"

Kwenye paa la mabati kunguru alikuwa akitembea, na kila mtu alimsikiza. Bethwel angejibu ndiyo, angekuwa ameapa uongo mara ya pili, mbele ya watu aliowabatiza kwa maji ya somo lake mwenyewe. Angejibu hapana, wangeuliza uongo upi.

"Andikeni nimekufuru," akasema. "Msiniulize zaidi."

Mzee mmoja mpole alipendekeza waandike kwamba ni kosa la ulimi, kwa kuwa ni mtu mzima na ametumika. Pasta Kiptoo alikataa. Alisema jambo lina jina lake, na aliyewafundisha jina hilo ni ndugu Wanyama mwenyewe. Sauti yake ilitetemeka, na Bethwel aliona kwamba kijana ameumia kweli, kwamba alimpenda, na hilo lilimwumiza kuliko mashtaka yote. Nicholas akaandika. Adhabu ilikuwa ile ya siku zote ya kanisa lao. Miezi sita mbali na meza ya Bwana, na kukaa benchi la nyuma karibu na mlango, ambako waliotengwa huonekana na kila anayeingia. Ukalimani ukaondolewa moja kwa moja.

Walipotoka nje mchungaji alimfuata hadi penye baiskeli. "Namwomba Mungu akuonyeshe ni nani umemuuza," akasema.

"Ananionyesha kila siku," Bethwel akajibu.

Selpha, aliposikia hukumu, alichukua kitambaa chake cha kichwa aende Yamumbi usiku huo huo akaseme yote. Bethwel alisimama mlangoni. Alimwambia akisema, basi kiapo kitakuwa kimepotea bure, na yeye atakuwa amempoteza Mungu na mchungaji pia. Selpha alisimama na kitambaa mkononi muda mrefu. Mwishowe alikitundika, lakini hakumwandalia chakula, na Bethwel hakuuliza.

Jumapili ilikuwa ya meza ya Bwana. Bethwel aliketi benchi la nyuma peke yake. Wote walioingia walimpita wakitazama mbele, isipokuwa watoto. Selpha alikataa kukaa upande wa wanawake, akakaa benchi la pili kutoka nyuma, ili amwone akigeuka. Mbele, mahali pake, alisimama Jelagat, mwalimu wa shule, msichana mwenye akili na sauti iliyokwaruza kwa woga. Neno la kwanza alilolitafsiri alilitafsiri vizuri kabisa, na Bethwel alisikia wivu.

Pasta Kiptoo alipanda akiwa na uso wa mtu aliyekata shauri. "Kuna jambo nililosema Jumapili iliyopita," alianza kwa Kinandi, "ambalo baadhi yenu halikuwafikia. Leo litawafikia." Jelagat akatafsiri yote. Mjinga, Bethwel akasema ndani yake, mjinga wee, nimekununua kwa gharama gani.

Wakati huo mlango ukafunguliwa na Isaiah akaingia amechelewa, na sweta yake ya kijivu. Hakwenda safu ya tatu. Aliona nafasi kwenye benchi la nyuma, akaketi hapo, akampa Bethwel mkono, akaushika kwa mikono yote miwili kama watu waliokuwa pamoja jandoni.

"Mzee Wanyama. Habari ya tangu siku ile?"

Hakunong'ona. Vichwa viligeuka, safu baada ya safu, mpaka cha Kogo Rael. Sasa hapakuwa tena na cha kuuliza. Selpha alifumba macho. Bethwel alitaka kuuvuta mkono wake, akashindwa, ukabaki umeshikwa mbele ya kanisa zima.

Pasta Kiptoo naye alitazama. Alitazama sweta, akatazama kidaftari kikitoka mfukoni, na watu waliokaa mbele walisema baadaye kwamba rangi ilimtoka usoni. Mkono wake ulishika ukingo wa mimbari. Alimtazama Jemutai. Kisha akasema kwa Kinandi, kwa sauti ambayo haikuwa yake, kwamba jambo lenyewe ni hili, tujihadhari na kujisifu, maana mwenye kujisifu anajitafutia aibu.

Jelagat akatafsiri.

Isaiah aliinama karibu na sikio la Bethwel. "Huyu mwalimu anasema yote? Ama anapunguza?"

"Anasema yote," Bethwel akajibu.

Ilikuwa kweli, na alimshukuru Mungu kwa moyo wote kwamba kijana amejifunza kuogopa, kisha akajiuliza kama shukrani ya mtu kama yeye inapokelewa huko ilikokwenda. Wimbo ukaimbwa. Nicholas Kibet akashuka na sinia ya mkate, benchi kwa benchi, mpaka la mwisho. Alipofika kwa Bethwel hakumtazama. Alinyoosha mkono ukapita mbele ya kifua chake, karibu kabisa, mpaka harufu ya mkate ikamfikia, ukaenda hadi kwa jirani yake.

Isaiah alitazama sinia. "Hii ni ya watu wote?" aliuliza.

"Ni ya kila asiyetengwa," Nicholas akasema. "Karibu, ndugu."

Isaiah akachagua kipande, akakitia mdomoni, akatafuna, akapangusa vidole kwenye sweta. Bethwel alikaa kando yake na mikono mitupu juu ya magoti. Alijaribu kuomba moyo wake usimchukie Isaiah, akashindwa.